Ndege Sitini na Mmoja Hadi Nyarugusu

Ninyi mnaokaa kibarazani kwa Mama Siwema mmeniuliza mara zisizopungua elfu: ilikuwaje fundi Feruzi arudi na jicho moja limefumba, nami nirudi na malengelenge mikononi, na sote wawili tulikwenda harusini? Kila nikianza kueleza mmoja anacheka, mwingine anaomba chumvi, na hadithi inavunjika. Kwa hiyo nimekaa, nimechonga penseli, naandika yote. Shule ya usiku ilinifundisha kuandika, na anayeona nimetia chumvi akamwulize Feruzi. Hata mimi nilipotakiwa ukweli niliishia kumwuliza yeye.

Kwanza mjue tulikwenda kufanya nini. Feruzi mnamjua, ndiye anayeshona kanzu zenu. Dada yake Zawadi anakaa Nyarugusu, kule kwenye dhahabu, na alikuwa ameposwa na seremala anayeweka miti ya kuzuia mashimo yasibomoke. Baba yao alikwisha kufariki na ami hawana, kwa hiyo walii wa kumwoza Zawadi ni Feruzi, hapana mwingine. Alikwisha kutuma barua mbili za kumweka mtu badala yake. Ya kwanza ilipotea. Ya pili ilifika, lakini mwalimu wa kule anayefungisha ndoa akasema hamjui mwandishi wala mwandiko wake, aje mwenyewe. Siku ikawekwa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Jumamosi asubuhi bwana harusi aondoke na mkubwa wake wa kazi kwenda upande wa Musoma, mwaka mzima. Asipooa Ijumaa, anakwenda peke yake. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa Feruzi njia nzima.

Moyoni mwangu mimi walikuwamo ndege. Mwalimu Elia wa shule ya usiku alikuwa amenipa daftari lenye jalada gumu, akaniambia, "Mashaka, andika kila ndege utakayemwona kutoka hapa mpaka Nyarugusu. Jina lake, rangi yake, na alikuwa anafanya nini." Mimi mbele ya darasa zima nikamjibu, "Mwalimu, nitakuletea mia." Darasa likapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyoniponza.

Kutoka Shinyanga hadi Isaka

Tuliondoka Jumatatu. Garimoshi lilichelewa saa tatu, labda nne, mpaka abiria wengine wakaanza kupika stesheni. Feruzi alikaa juu ya kasha lake. Ndani yake mlikuwa na kanzu mpya ya harusi, shela ya Zawadi, na fungu la vijiti vyangu thelathini.

Vijiti hivyo nivieleze sasa, maana vina maneno yake mbele. Mwalimu Elia alitufundisha kwamba ukiona kiota chenye mayai uchomeke kijiti karibu, ukitie namba, ili wakati wa kurudi uangalie kama makinda yametoka. Hapa Shinyanga tunafanya hivyo kando ya mashamba ya pamba, na hasara yake ni mbuzi tu. Nilichonga vijiti vizuri, nikaomba kwa Feruzi vipande vya marekani, nikaandika namba kwa wino na kufunga kila kimoja kichwani. Feruzi akanishonea vitambaa visichanike. Alinung'unika, lakini alishona.

Garimoshi lilipoingia, kwenye waya wa simu alitua chole, kifua cha zambarau na mabawa ya buluu iliyokoza. Nikasimama kumwandika. Kengele ikapigwa.

"Mashaka! Gari!"

"Mstari mmoja tu, fundi."

"Bwana we, ndege ana mabawa, wewe una miguu!" Akanivuta kwa ukosi wa shati, shati lililoshonwa na yeye mwenyewe, nalo likastahimili. Hadi Isaka nilikuwa nimeandika ndege kumi na wawili dirishani. Feruzi alijaribu kulala, nami kila ndege nilimwamsha amwone.

Nyahanga, siku moja iliyopotea

Isaka tulipata lori la ngozi, likatufikisha Kahama jioni tukinuka kama fahali. Tulilala Nyahanga, palepale Kahama, kwa mtu anayejuana na Feruzi. Dereva, Bakari, mtu wa Tanga, alituambia, "Kesho alfajiri naondoka Masumbwe. Mimi simngoji mtu. Nimemwacha hata mke wangu mara mbili."

Alfajiri nilitoka kunawa uso. Ng'ambo ya shamba la karanga nikaona mumbi watano wanatembea chini, weusi, shingo nyekundu, hatua moja moja, kama masheikh watano wanaokwenda kusuluhisha ugomvi. Ninyi mngewaacha? Niliwafuata. Mmoja alikuwa mkubwa kama ndama. Sawa, kama mbuzi. Walipoingia kichakani nikarudi, nikamkuta Feruzi amesimama barabarani peke yake na kasha lake, na vumbi la lori linatua.

"Limekwenda?"

"Limekwenda."

"Ungepanda wewe, fundi."

"Nikuache Kahama na akili hiyo? Nani angekuangalia?"

Basi Jumanne yote ikapotea hapo. Feruzi alikaa juu ya kasha mpaka alasiri. Alitoa sindano akashona upya pindo la shela ambalo halikuwa na ubaya wowote, akalifumua, akalishona tena. Nilimwonyesha kigong'ota kwenye mti mkavu. Akasema, "Zawadi ana miaka kumi na tisa. Amengoja mara mbili. Ijumaa ikipita sitamtazama usoni." Nikafunga daftari. Nililifunga kwa muda mrefu, karibu nusu saa.

Masumbwe, kwa Mama Lushinge

Jumatano tulipata lori jingine, likaharibika mara sita, au tatu, tukaingia Masumbwe jua likiwa limeshuka. Mama Lushinge, mjane anayelaza wasafiri, alitupa maji ya kuoga na sahani ya matobolwa ya moto, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga zilizotwangwa. Sijala kitu kitamu kama kile tangu kuzaliwa.

Alikuwa ananitazama ninavyoandika. "Baba, wewe ni mganga?"

"Hapana, mama. Natazama ndege."

"Ndege gani anaponya kichwa?"

"Siwatafuti kwa dawa, mama. Nawatazama tu."

Akamgeukia Feruzi kwa huruma. "Na wewe ndugu yake unampeleka kuponywa?"

"Ndiyo, mama," alisema Feruzi bila kucheka. "Tunampeleka Nyarugusu."

Wakati huohuo wakapita kwarara juu ya paa wakilia kwa makelele yao. Niliruka nitoke nje kuwahesabu, goti likapiga sahani, matobolwa na karanga zote zikamwagikia kanzu ya safari ya Feruzi. Mama Lushinge alinong'ona, "Pole, baba. Kweli mgonjwa." Tangu hapo alinitilia chakula changu kidogo kidogo, kama wanavyowalisha wagonjwa.

Ndege wa asali

Kutoka Masumbwe hapakuwa na lori. Alhamisi alfajiri tukashika njia kwa miguu, mwendo wa kumaliza soli, kasha tukipokezana. Tungefika kijiji cha mwisho kabla ya Nyarugusu jioni, na Ijumaa asubuhi kubaki saa mbili za kutembea. Hesabu hiyo ilikuwa ya Feruzi, na ilikuwa nzuri.

Kwenye miombo, saa nne hivi, kindege cha kijivu kisicho na sura yoyote kikaja mbele yetu kikipiga kelele kama kibiriti kinachotikiswa. Kinaruka mti wa mbele, kinatungoja, kinapiga tena. Nilijua huyu ni nani: ndege wa asali, anayemwita mtu kwenye mzinga.

"Feruzi, kidogo tu."

"Hapana."

"Asali ya harusi! Utamwendea dada yako mikono mitupu?"

Hapo nilimpata. Tulikwenda kidogo, na kidogo hicho kilikuwa maili moja. Kwenye mti wenye tundu tukamkuta mzee mmoja mwembamba, shoka begani na moshi mkononi, amekwishaitwa na ndege yuleyule. Jina lake Mzee Kasase, kazi yake kurina asali. Tukamwamkia. Aliturinia, akatupa sega zima kwenye jani. Kisha akavunja kipande kizuri, chenye asali na watoto wa nyuki, akakiweka juu ya gogo.

Feruzi akauliza, "Hicho cha nani, mzee?"

"Cha aliyetuita."

"Ndege apewe sega, na mimi niliyetembea nipewe nini?"

"Ukimdhulumu," alisema Mzee Kasase, "safari nyingine atakuita vilevile, nawe utakwenda vilevile, ukute chatu."

Feruzi alikuwa anataka kujibu, ndipo nyuki mmoja akampiga juu ya jicho la kushoto. Wa pili akampiga palepale, kama aliyeonyeshwa mahali. Hakulia. Alisema tu, "Mashaka," kwa sauti ambayo sijaisahau.

Alasiri ile, tulipokaribia kijiji, viota vilikuwa vingi ajabu. Mnana juu ya kijito, kanga na mayai yake nyasini, fundichuma na jumba lake la vijiti ambalo mtu na mkewe wangeweza kulala ndani. Feruzi alitembea mbele na jicho limefumba. Mimi nilichomoa vijiti kutoka kasha lililo mgongoni mwake, nikavichomeka kandokando ya njia. Kumi na viwili, vitambaa vyeupe, namba moja mpaka kumi na mbili.

Tulilala kwa watu wema. Kabla ya kulala nilihesabu daftari: ndege sitini na mmoja. Mia ilikuwa mbali, na safari imekwisha. Nikakumbuka makofi ya darasa. Nikachonga penseli, nikaandika ndege wengine ambao, kwa maoni yangu, nchi kama ile ilistahili kuwa nao. Thelathini na tisa. Nililala vizuri.

Mashimo kumi na mawili

Ijumaa tuliamshwa na makelele ya watu. Nje wamesimama wanaume kama mia tatu, tuseme thelathini, sepetu na sururu begani, udongo mpaka kwenye nyusi. Mbele yao mwanangwa, mkuu wa kijiji, mtu mnene mpole aliyesoma misheni, na mkononi ameshika kijiti changu namba saba.

"Mwangaluka," alituamkia. "Nani mwenye vijiti hivi?"

Mimi, mtu wa Shinyanga, sikujua. Kule kila mtu anajua. Kijiti kilichochongwa, chenye kitambaa cheupe na namba, ni alama ya mtu aliyeona dhahabu na kujikatia mahali. Wachimbaji walipoviona vimejipanga njia nzima walisema, huyu ameona mwamba unaopita kijiji kizima. Tangu kabla ya jua kutoka walikuwa wamechimba kwenye kila kijiti. Mashimo kumi na mawili ya kwenda kiunoni. Namba saba na namba nane zilikaribiana, makundi mawili yakakutana chini na kupigana sururu. Mmoja alikuwa na kitambaa kichwani.

"Ni viota," nilisema. "Nimetia alama viota vya ndege."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Viota! Jamani, amekuja kutoka Shinyanga kutafuta mayai!"

Mwanangwa akafungua kasha la Feruzi. Ndani vijiti kumi na vinane, vitambaa vimeshonwa kwa uzi uleule wa kanzu. Akamtazama Feruzi. "Na wewe ndiye fundi wake."

"Mzee," alisema Feruzi, "namwoza dada yangu leo adhuhuri. Mimi ndiye walii. Nakuomba."

"Kujikatia ardhi bila ruhusa si jambo dogo. Karani wa mtemi anakuja kesho. Mtamngoja."

"Kesho bwana harusi anaondoka!"

"Basi nionyesheni sasa kwamba ni ndege. Na si kwa viota, maana huku kila mti una kiota."

Akatuingiza nyumbani kwake, nami nikampa daftari kwa furaha. Mwanangwa alijua kusoma, lakini ndege hakuwajua, akatuma aitwe mtu anayewajua. Akaja Mzee Kasase, shoka begani. Nikasema moyoni, tumepona.

Mwanangwa alisoma, Mzee Kasase aliuliza, mimi nilijibu. Karani tamba: anakanyaga nyoka. Dudumizi: anaita kabla ya mvua. Mambo yakaenda kama maji. Kisha mwanangwa akaruka kurasa akasoma, "Sabini na tatu. Bata mwekundu wa mlimani."

Mzee Kasase akainua uso. "Wa mlima upi?"

"Ule... wa kule."

"Analiaje?"

Nililia. Sijui nililia nini. Mbwa wa mwanangwa alitoka chini ya kitanda akaondoka.

"Themanini. Kasuku mweupe wa mpunga." Mzee akatikisa kichwa. "Tisini na moja. Tai mdogo wa fedha."

Wachimbaji waliojaa mlangoni walipigana viwiko. "Fedha! Mnamsikia? Ndege asiyekuwepo ni jina la mwamba! Ameandika kwa mafumbo!"

Nilitazama jua dirishani. Saa nne ilikuwa imepita. Nilimtazama Feruzi na jicho lake moja, nikatamani ardhi ya shimo namba saba inifunike. Nilisema kweli hapo mbele ya wote, kwamba wengine nimewabuni ili wafike mia. Hakuna aliyeniamini. Mtu aliyekwisha kudanganya thelathini na tisa, neno la arobaini nani atalipokea?

Ndipo mwanangwa akasema, "Wewe toka nje. Fundi abaki."

Nilikaa chini ya dirisha. Ukuta wa udongo hauzuii sauti.

"Unawajua ndege?" aliuliza mwanangwa.

"Siwajui na siwataki," alisema Feruzi. "Lakini soma."

"Wa kwanza. Chole."

"Stesheni ya Shinyanga, juu ya waya. Kifua rangi ya satini ya zambarau, mabawa buluu isiyotoka ikifuliwa. Karibu tuachwe na gari."

"Mumbi."

"Nyahanga. Watano, kama walivaa majoho meusi na skafu nyekundu. Hao walitupotezea lori na siku nzima. Siwasamehei."

"Kigong'ota."

"Siku hiyohiyo. Mgongo wa madoadoa kama chiti ya bei rahisi. Nilikuwa na huzuni, akanionyesha ndege."

"Kwarara."

"Nitazame kanzu hii, mzee. Doa hili la karanga ndiye huyo kwarara."

Nikasikia mtu anacheka, nikatambua ni Mzee Kasase. Wakaendelea. Mtu huyu ambaye sikupata kumwona ameinua macho alimkumbuka kila mmoja: alisimama wapi, alivaa nini, alituchelewesha kiasi gani. Alipotajiwa ndege wa asali alisema, "Huyo nimemwekea jicho langu."

"Bata mwekundu wa mlimani?"

"Sikumwona. Hapo hatukusimama."

"Kasuku mweupe?"

"Hatukusimama. Mzee, mimi nina kipimo changu. Kila ndege wa kweli amenichelewesha. Hao hawakunichelewesha hata kidogo."

Alipofika mwisho, alikuwa amepitisha sitini na mmoja na kukataa thelathini na tisa, bila kukosea hata mmoja. Kisha akasema, na hili nililisikia vizuri: "Mashaka ni rafiki yangu tangu tunachunga mbuzi. Akiona mbili anasema kumi. Angekuwa ameona dhahabu, Shinyanga yote ingekwisha kuhama."

Mwanangwa alitoka akinitazama kama mtu anayetazama bata mwekundu wa mlimani. Alitoa hukumu: Feruzi achukue baiskeli ya mwanangwa aende mbio. Mimi nibaki, nikate wale thelathini na tisa kwa mkono wangu mbele yake, ning'oe vijiti, nifukie mashimo yote kumi na mawili.

Feruzi alifunga kasha nyuma ya baiskeli. Nilimshikia usukani.

"Fundi, nisamehe."

"Fukia," alisema, akapanda.

Nyarugusu

Mjue kwamba shimo linalochimbwa na watu wanne wenye tamaa hufukiwa na mmoja mwenye aibu kwa muda mara kumi. Wachimbaji walikaa kivulini wakinihimiza. "Karani wa ndege, hapo umesahau kona!" Mzee Kasase peke yake alinisaidia mashimo matatu. Kiota cha kanga kilisalimika. Vingine sijui.

Adhuhuri ilinikuta kwenye namba tatu. Nikasimama. Nikawaza kama Feruzi ameanguka na baiskeli, kwa jicho moja, kwenye njia ile ya mawe. Nikawaza Zawadi amevaa, amekaa mkekani, anasikiliza nje. Nikafukia haraka zaidi.

Nilipoingia Nyarugusu jua limeinama. Kambi nzima ya mabanda ya nyasi, moshi, vinu vya kutwangia mawe vimenyamaza kwa kuwa ni Ijumaa. Sikusikia ngoma. Sikusikia kigelegele. Nilitembea katikati ya mabanda nikiogopa kumwuliza mtu. Nilipokata kona nikamwona Feruzi kwenye benchi mlangoni mwa banda, kanzu mpya mwilini, jicho kama yai la kanga, sahani ya pilau magotini.

"Umechelewa," alisema. "Leo si mimi."

"Je, uliwahi?"

"Sala ilikuwa imekwisha, watu wameanza kutawanyika. Bwana harusi alikuwa anafunga mizigo. Mwalimu akauliza mbona walii ana uso huu, nikamwambia ni habari ndefu, shika mkono wangu kwanza." Akameza tonge. "Nimemwoza, Mashaka. Wamekwisha kula hata ngoma imechoka. Ingia uchukue chakula."

Zawadi alitoka na shela yake, pindo limenyooka. Nilimpongeza. Aliangalia mikono yangu, akaangalia jicho la kaka yake, akasema, "Mimi nilidhani mwenye kazi ya hatari ni mume wangu." Asubuhi yake aliondoka na mumewe kwenda Musoma. Asali ya Mzee Kasase walikwenda nayo.

Darasani

Mwalimu Elia alifungua daftari mbele ya darasa, akaona mistari mikubwa ya kukata. Akauliza, "Mia yako iko wapi?"

"Sitini na mmoja, mwalimu."

Darasa halikupiga makofi. "Na hawa sitini na mmoja," akasema, "nitajuaje kwamba hukuwatunga pia?"

"Ninaye shahidi," nikamwambia. "Mtu asiyependa ndege."